Nilivyojifunza Kukeneka

Mwaka 2019, katika darasa la kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja aliniuliza ni neno gani la Kiswahili linalotaja kazi ya kuchemsha kileo na kuukusanya mvuke wake. Nilimjibu upesi kwamba neno ni kukeneka, nikaliandika ubaoni, nikalinyambua: keneka, kenekea, kenekwa, mkenekaji. Wanafunzi wakanakili. Kijana yule hakutosheka. Akauliza tena, "Mwalimu, na chombo chenyewe huitwaje?" Nikasema ni chombo cha kukenekea, tukaendelea na somo. Sikumwambia kwamba nimekulia kando ya chombo hicho, wala kwamba ada yangu ya shule, tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka ndani yake tone kwa tone.

Kwetu ni kijiji kilicho kando ya Masaka, kusini mwa Uganda, si mbali sana na mpaka wa Mutukula. Mwezi wa Februari 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Masaka, na sehemu kubwa ya mji ikageuka vifusi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10. Wiki chache baadaye askari walianza kupita vijijini wakitafuta kuku, ndizi na kinywaji. Walifika kwa mama jioni moja, watu watatu, wakasimama kwa adabu nje ya uzio, na mmoja akasema, "Shikamoo mama. Gongo ipo?" Mama hakujua Kiswahili hata kidogo, lakini alielewa alichotakiwa, maana wageni waliosimama pale jioni hawakupata kutaka kitu kingine. Hilo ndilo neno langu la kwanza la Kiswahili. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma katika kamusi kwamba gongo ni fimbo nene, nikacheka peke yangu maktabani, kwa kuwa nilikwisha kuwaona watu wazima waliopigwa nayo wakalala njiani.

Mmoja wa askari wale alikuwa Mhaya wa Bukoba. Alipouona mtumbwi wa kukandia ndizi umelazwa chini ya mti, aliuzunguka akiushikashika kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Akasema kwao pombe ya ndizi huitwa lubisi, na vyombo ni vile vile. Mama alimjibu kwa Kiganda, yeye akasema kwa Kihaya, nami nikabaki katikati nikijaribu kukamata maneno. Huenda ualimu wangu wa lugha ulianza jioni ile.

Kwa miaka mingi niliificha asili hiyo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kujificha. Tangu enzi ya wakoloni, wenye kutawala hawakutaka Mwafrika akeneke kileo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za kikoloni zikaendelea katika njia hiyo hiyo. Baada ya uhuru, Sheria ya Enguli ya 1965 ilimtaka kila mkenekaji awe na leseni, na kile alichokitoa akiuze kiwandani, ambako kilisafishwa na kutiwa katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Jina hilo la waragi wengi husema limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Na Mswahili akisikia "jini ya vita" bila kuiona chupa, ana haki ya kukimbia. Wengine huliunganisha na araki ya Waarabu, neno ambalo asili yake ni jasho. Mimi napendelea hili la jasho, kwa kuwa aliyeutazama mvuke ukigeuka matone kwenye shaba baridi hahitaji ushahidi zaidi.

Mama hakuwa na leseni. Alikuwa na pipa la lita 200 lililowahi kuwa la mafuta, neli mbili za shaba, na shimo la maji baridi katika kinamasi bondeni, mahali ambapo moshi ulipotelea katika mafunjo. Mgambo walipokuja tulizizamisha neli majini, tukakaa ukingoni kama watu wanaovua kambare. Shuleni nilisema mama yangu huuza ndizi. Haukuwa uongo kamili; zilikuwa ndizi, ila zilikuwa zimebadili hali.

Niliirudia kazi ile kwa mlango wa nyuma. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Mwalimu asiye na darasa ni kama mvuvi aliye mlimani. Nilihamia kijijini kwa mama, ambaye alikuwa amekwisha kupita miaka 80, nikapalilia migomba hadi magugu yakaniogopa, kisha nikamwomba mjomba anifundishe kupika tonto, yaani pombe yetu ya ndizi. Hilo halikuwa jambo la aibu. Tonto ni kinywaji cha posa na cha matanga, na mzee anayejua kuipika huheshimiwa.

Ndizi za kazi hii huitwa mbidde. Mbichi zina ukakasi wa kukunja ulimi, na mkungu mmoja ukijiingiza kwa bahati mbaya katika ndizi za kupika, chakula chote huharibika. Huvundikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, kwa muda wa siku tano hivi. Zikiiva humenywa na kumwagwa katika mtumbwi, pamoja na nyasi ndefu kavu, na mwanamume aliyeosha miguu vizuri huzikanyaga. Nyasi hukamata nyama ya ndizi na kuachilia maji. Nilidhani ni kazi ya nguvu, mjomba akaniambia, "Usizipige teke, zitembelee." Maji yanayochujika ni matamu mno, na watoto huyanywa. Yanayobaki hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani na kufukiwa kidogo, na asubuhi ya pili unasikia chini ya majani sauti ndogo kama ya mvua inayofika kutoka mbali. Hakuna mtu aliyetia hamira. Mtama huja na chachu yake.

Pombe yangu ya tatu ilikuwa nzuri, nayo ilikuwa nyingi kupita kiasi. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, baa zilikuwa zimefungwa, na tonto haikai. Baada ya siku tatu au nne huanza kuwa siki. Nikaketi ukingoni mwa mtumbwi nikiitazama kazi ya wiki nzima ikielekea kuharibika. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile neno nililolinyambua ubaoni. Nilikuwa nimelifundisha kwa miaka zaidi ya 20, na sikupata hata siku moja kulitenda.

Sikumwuliza mama. Msomaji ataona ujinga wangu, nami nauona sasa. Nilimpigia simu mwenzangu anayefundisha kemia, akanieleza kwa ufasaha mkubwa: kileo huchemka kwa digrii 78 na maji kwa 100, basi ukipasha moto kwa uangalifu, kileo hutangulia. Nikachora picha. Nikanunua kopo la maziwa la chuma kisichoshika kutu, la lita 20, lile wanalolitumia wafugaji, lenye mfuniko unaobana. Kwa fundi wa majokofu nilipata neli ya shaba yenye upana wa nusu inchi. Kuikunja iwe kama chemchemi ya godoro kulinishinda mara mbili, kwani ilijipinda na kuziba kama mrija wa papai, hadi fundi aliponihurumia na kunionyesha siri yake: jaza neli kwa mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili, kisha izungushe polepole kwenye nguzo. Mchanga ukitoka, neli imebaki wazi. Niliiweka ndani ya ndoo, nikatoboa ndoo chini na juu, ili maji baridi yaingie kwa chini na yaliyopata moto yatokee kwa juu.

Fundi huyo huyo alitaka kuniuzia rejeta ya gari kuukuu. Alisema wengi huinunua, maana hupoza mvuke haraka kuliko neli yoyote. Hilo nilikataa. Rejeta nyingi za zamani zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na kileo cha moto kinapopita humo huichukua risasi kidogo kidogo na kumpelekea mnywaji damuni. Nilitafuta lehemu isiyo na risasi, ikanigharimu safari ya Kampala. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki nayo nikayaacha, na mipira pia, kwa kuwa mpira hulainika na kutoa harufu ya viatu.

Siku ya kujaribu nilichemsha maji matupu pamoja na siki ili kuosha neli. Kipimajoto nilichoazima shuleni kilipanda hadi 96 kikagoma. Maji yanatokota, nacho hakitaki kufika 100. Nilidhani kimeharibika, hata nikamlaumu mwalimu wa kemia kwa simu. Akacheka akaniuliza Masaka iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Iko yapata mita 1,300, na katika mwinuko huo maji huchemka mapema. Kitabu kilikuwa kimeandikwa pwani.

Kisha nikatia tonto. Nililijaza kopo karibu na shingo kwa uchoyo, nikaziba mfuniko kwa unga wa ngano uliokandwa, nikachochea moto wa mkaa. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Halafu neli ikakohoa, ikatema povu la rangi ya udongo, ikanyamaza. Nikafurahi kwamba imenyamaza. Ghafla unga ukapasuka upande mmoja, mvuke ukatoka kwa mlio, ukaufikia moto, na mwali wa samawati ukazunguka shingo la kopo kama ukosi. Nilirukia nyuma, nikapoteza nyusi na ngozi ya kiganja.

Mama alikuwa barazani muda wote ule, juu ya mkeka wake. Hakupiga kelele. Alinyanyuka kwa mkongojo, akachukua gunia lililolowa, akalitupa juu ya kopo, na moto ukafa. Alipokwisha kunifunga kiganja kwa kitambaa safi akasema, "Mwanangu, umeziba koo la mnyama kisha unamlisha." Povu la ndizi lilikuwa limepanda katika neli na kuiziba, mvuke ukatafuta njia nyingine. Pipa halijazwi kupita robo tatu: hilo mtoto wa mkenekaji alipaswa kulijua. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimekaa miaka yote ile nikijitahidi nisilijue. Mama hakujibu. Aliniuliza kama nimekula.

Baada ya wiki mbili tukaanza upya, mara hii yeye akiwa mwalimu. Alinikataza kipimajoto, si kwa kukidharau, ila alisema kinanifanya nitazame pasipotazamwa. Alinitaka niweke mkono juu ya neli, karibu na kopo, na kuusogeza kwa kadiri joto linavyotembea; joto likifika kwenye ndoo, matone yako karibu. Matone yadondoke kwa hesabu ya mtu anayetembea bila haraka. "Yakianza kukimbia kama mkojo wa mbuzi," alisema, "moto umezidi, unapika maji." Kilichotangulia, kikombe kidogo chenye harufu kali ya rangi ya kucha, alikimwaga. Hicho ni kichwa. Kisha huja moyo, halafu mkia, ambao hunuka kama nguo iliyoloweshwa ikasahauliwa. Chupa ya moyo aliitikisa na kuinyanyua juani, akahesabu viputo vinavyokaa shingoni. Aliviita shanga. Shanga kubwa zinazokufa upesi ni kileo kikali. Ndogo zinazong'ang'ania ni maji yameingia. Baadaye nilikiazima kile kipimo cha kioo kinachoelea, nikakijaribu kwa siri. Hitilafu kati yake na mama ilikuwa ndogo mno kuitaja.

Kutoka lita 15 za tonto tulipata chupa mbili za nusu lita na kidogo. Ulikuwa mweupe kama maji ya chemchemi, na ndizi ilikuwa bado imo, mbali, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Mama alitia ncha ya kidole, akaonja, akasema, "Huu ungelipa muhula mmoja." Kwa mara ya kwanza tukaongea juu ya ada zile: ni mapipa mangapi kwa mwaka, ni nani aliyekopeshwa akakataa kulipa, ni usiku gani alikaa ndani ya maji ya kinamasi hadi alfajiri kwa kuwaogopa mgambo. Nilikuwa na miaka zaidi ya 50, na habari hizo zilikuwa ngeni kwangu.

Jambo moja tulibishana. Mama aliamini, kama wakenekaji wengi wanavyoamini, kwamba kileo kikiwaka mwali wa samawati ni salama. Sivyo. Mwali huonyesha ukali tu. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale na jirani zake, watu wapatao 80 walifariki kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli, na methanoli nayo huwaka samawati vizuri kabisa. Katika mitaa ya Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, sumu hiyo hiyo iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Ndizi zikichacha hutoa methanoli kidogo sana. Maafa hutoka kwa mfanyabiashara anayeongeza spiriti ya viwandani ili apate faida, na ikishaingia hakuna ulimi, pua wala mwali utakaoitambua. Mama alisikiliza yote, kisha akasema kwamba yeye hakuongeza kitu ila ndizi, na hakuuza kitu ambacho hakukionja kwanza. Namwamini. Lakini mnywaji wa Kabale naye alimwamini mtu.

Kwa hiyo nilikwenda katika ofisi moja kuuliza kama mtu akenekaye kidogo bila kuuza anaweza kupewa kibali. Karani aliniuliza nitauza wapi. Nikamwambia siuzi. Akaipindua fomu mbele na nyuma, akasema hapakuwa na mahali pa kuandika hivyo. Nilitoka nikicheka, lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba sina haki ya kuendelea. Nilikuwa nimekeneka mara nne kwa jumla. Mama alikeneka kwa ajili ya ada, na alilipa gharama ya hofu. Mimi nilikeneka kwa udadisi, na mshahara wangu uliingia kila mwezi hata shule zilipofungwa.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022, viti vingi vilikuwa vitupu, na yule kijana wa swali hakurudi. Nikaambiwa anaishi ng'ambo ya bonde pamoja na mama yake. Nilimkuta ukingoni mwa kinamasi, amekwisha kuwa mrefu kuliko mimi, anachochea moto chini ya pipa. Aliponiona alitaka kukimbia. Nikamwambia aangalie moto kwanza, maana matone yalikuwa yanakimbia. Akanitazama kwa mshangao mkubwa, akatoa kuni mbili. Mvuke wao ulipozwa kwa rejeta ya gari. Tuliongea na mama yake hadi jua likashuka, habari za risasi, na habari za shule. Juu ya risasi alikubali upesi. Kesho yake nilirudi na neli yangu ya shaba, tukaifunga pamoja, na rejeta ikatupwa. Juu ya shule alisema atafikiri. Kabla sijaondoka kijana aliniuliza ule unga unaoziba mfuniko huitwaje kwa Kiswahili. Sikuwa na neno. Akasema wao huuita kwa jina la Kiganda, na kwamba nikilipata la Kiswahili nimletee. Bado ninalitafuta, na mwenzangu yeyote wa Bukoba, Kigoma au Bujumbura aliye nalo atanisaidia.

Nilitengeneza neli nyingine. Kopo langu sasa liko nyuma ya maabara ya shule, likikeneka maji kwa ajili ya betri za sola, ambazo haziwezi kunywa maji ya bomba. Mama alikuja kulitazama siku ya wazazi. Aliweka mkono juu ya neli, akasikiliza matone, akaridhika na mwendo wake. Kisha akakinga tone moja kwa kidole, akaonja, akanigeukia na kuuliza maji yale yalikuwa na kosa gani hata yakapikwa ili yawe maji.